Chonga Bao Linalochezeka

Wiki hii natoka kidogo katika mambo ya bei na siasa, tuzungumze juu ya zawadi. Nataka kueleza zawadi moja ambayo mtu mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba, vyombo vichache vya useremala na subira ya majuma matatu anaweza kuitengeneza kwa mikono yake. Zawadi hiyo ni bao. Nakusudia lile bao letu la kete, linalochezwa barazani tangu enzi za babu zetu, na ambalo Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alijulikana sana kwa kulipenda.

Mwenye mzazi aliyestaafu anajua taabu ya kutafuta zawadi ya kumpa. Siku hizi jibu la haraka liko katika simu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, aliye mjini anaweza kumtumia mzee wake chochote kwa dakika moja. Jambo hilo ni jema na simlaumu mtu. Fedha hununua dawa, unga na mafuta ya taa. Lakini unga ukishaingia sufuriani, mzee anabaki na siku yake ndefu vile vile, hana wa kumfungulia mdomo mpaka jioni. Bao huita watu. Weka bao na kete zake juu ya mkeka, halafu uhesabu dakika mpaka jirani wa kwanza aketi.

Mtu ataniuliza: si niende dukani nikanunue? Nenda, lakini kabla ya kutoa fedha litazame vizuri unalouziwa. Mengi ya mabao yanayopangwa katika maduka ya vitu vya watalii yamechongwa ili yatundikwe ukutani. Vishimo vyake ni vya kina kifupi kama kisosi, kete zikizidi tano zinamwagika. Mengine yana safu mbili tu za mashimo, ambayo ni michezo mingine ya jamii hiyo, mizuri kwa wenyewe, ila mchezaji wa bao la Kiswahili hawezi kuitumia. Na mengine yana safu nne sawasawa, lakini nyumba hazimo, au zimewekwa pasipo pake.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mtu hawezi kuchonga bao vizuri bila kujua linavyochezwa, kwa hiyo tuanze na mchezo wenyewe.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Kila mchezaji ana safu mbili zake, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, kila mtu 32. Jirani zetu Waganda wana omweso, nao una mashimo 32 na kete 64. Lakini bao letu lina kitu cha pekee kinachoitwa nyumba. Hilo ni shimo moja la kila mchezaji katika safu ya mbele, nalo huchongwa la mraba ilhali mengine ni ya mviringo. Ukikaa upande wako, nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwako, yaani la nne kutoka kulia.

Mchezo unapoanza, kila mtu anaweka kete 6 nyumbani, kete 2 katika shimo la kulia la nyumba, na kete 2 katika shimo linalofuata. Hizo ni kete 10. Zilizobaki, 22, anakaa nazo na kuziingiza moja moja. Sehemu hiyo huitwa namua. Zikimalizika ndipo mchezo unapoingia katika mtaji, ambapo watu hucheza na zile zilizomo baoni tu. Nyumba ina haki zake. Mtu anayekula, akifika nyumbani kwake penye kete nyingi, anaweza kuchagua kulala pale au kuichukua akaendelea na safari. Ndiyo maana nyumba hukusanya kete nyingi kuliko shimo lolote, na ndiyo maana inastahili kuwa ya mraba. Shimo la mraba lenye upana ule ule na kina kile kile linameza karibu mara mbili ya shimo la mviringo lenye sakafu ya bakuli. Na vidole vikiingia humo vinajua vimefika wapi bila macho kuambiwa.

Hayo ya vidole na macho nayasema kwa sababu. Ninaye mjomba wangu aliyefanya kazi ya kupakua mizigo bandarini kwa miaka mingi. Alikuwa akiogopwa katika baraza la mtaa wao. Kisha tukaanza kusikia kwamba haonekani tena pale, anakaa ndani na redio yake. Nilimwendea siku moja, baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, "Mjomba, mbona wenzako wanasema umewatupa?"

Alikaa kimya kidogo, akaniambia, "Mwanangu, mchezo bado ninao kichwani. Mashimo ndiyo siyaoni. Juzi niligawa kete nikaruka shimo, vijana wakanyamaza kama hawakuona. Wangenicheka ningecheza tena."

Hospitali walikuwa wamemwambia ana presha ya macho. Dawa ya matone huzuia ugonjwa usizidi, lakini uono uliokwisha kupotea haurudi. Mzee wa namna hiyo hakuna fedha ya simu utakayomtumia ikamrudisha barazani. Lakini niliyaangalia bao la mtaa wao na vidole vyake, nikaona jambo linaloweza kufanyika. Lile bao lilikuwa dogo, la vishimo vyembamba vilivyobanana, limekolea moshi na jasho hata mbao, kete na vivuli vikawa rangi moja. Mikono ya mjomba ni mipana. Vidole vyake viwili tu vilijaza shimo. Kwa hiyo nikaamua kumchongea bao la kufuata mkono wake.

Kwamba mchezaji hodari hulibeba bao kichwani si maneno ya barazani tu. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, alichapisha utafiti juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi wanavyokumbuka na kukokotoa hatua za mchezo. Kwa mtu wa aina hiyo, kazi ya ubao ni kumpa vidole njia iliyo wazi.

Sasa tuingie kazini, nawe msikilizaji uchukue kalamu.

Kwanza ni mbao. Mimi nilichagua mninga, kwa sababu ukishakauka hauchezi sana, haupindi hovyo, na patasi inaingia bila ugomvi. Mfenesi na mwembe pia hufaa. Mpingo waachie wenye vyombo vikali na mikono iliyozoea. Kwa muuza mbao ulizia kipande cha inchi 2 kwa 12 chenye urefu wa sentimita 70, maana mara nyingi kipande kifupi hivyo ni baki la mtu mwingine na bei yake hupunguka. Nunua kwa muuzaji mwenye vibali, kwani mninga wetu umekatwa sana. Epuka kipande chenye sehemu nyeupe pembeni, kwa kuwa wadudu huanzia hapo.

Hakikisha mbao ni kavu. Njia rahisi ni kuipeleka dukani penye mizani, ukaipima na kuandika uzito wake, kisha ukaipima tena baada ya wiki. Kama uzito umepungua, maji bado yanatoka, ngoja. Ukichonga mbao mbichi, itapasuka baada ya kuitoa zawadi. Wakati inangoja, ipake nta au rangi kwenye ncha zake mbili, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi nchani kuliko ubavuni, na mpasuko huanzia huko.

Pili ni randa. Piga randa pande zote mbili mpaka rula ikisimama juu ya mbao isipitishe mwanga chini yake. Hapo utabaki na unene wa kama sentimita 4.5, na upana wa 30. Kata urefu uwe sentimita 68.

Tatu ni kuchora, na hapa usiharakishe. Chora mstari katikati ya upana, kutoka ncha hadi ncha. Huo ndio mpaka wa wachezaji wawili. Kutoka hapo pima sentimita 7 na tena 7, kila upande. Kwa urefu, acha sentimita 6 kila ncha, kisha gawanya zilizobaki 56 katika sehemu 8 za sentimita 7. Utapata vyumba 32 vilivyo sawa. Katika kila chumba chora mistari miwili ya kukatisha pembe kwa pembe, upate kitovu. Fungua bikari sentimita 3 na uchore duara. Kila shimo litakuwa na upana wa sentimita 6, na kati ya shimo na shimo kutabaki ukuta wa sentimita 1. Upana huo niliupata kwa mkono wa mjomba. Vidole vyake vinne viliingia pamoja na kuzoa kete bila kukwaruza ukingo. Wewe pima mkono wa huyo unayemchongea. Ukimpa kikombe cha chai na kutazama anavyokishika, utajua bila kumwuliza.

Kabla ya kugusa patasi, weka nyumba. Kaa upande mmoja, hesabu mashimo matano kutoka kushoto katika safu ya mbele, chora mraba wa sentimita 6 badala ya duara. Inuka, zunguka, kaa upande wa pili, hesabu tena matano kutoka kushoto kwako. Ukimaliza utaona miraba miwili iko katikati ya ubao, haitazamani uso kwa uso, bali imekaribiana pembe kwa pembe. Ugeuze ubao, kilichokuwa kushoto kiwe kulia. Sura yake lazima ibaki ile ile. Jaribio hilo litakufaa hata siku utakapoamua kununua. Bao ambalo nyumba zake zinatazamana limechongwa na mtu asiyecheza.

Nne ni kuchimba. Ukiwa na keekee, toboa matundu kadhaa ndani ya kila duara ili kupunguza kazi. Zungushia ncha ya keekee kipande cha utepe kwenye sentimita 2.5, utepe ukigusa mbao unasimama. Kisha chukua patasi ya mdomo wa mviringo. Kama huna, mhunzi anaweza kukufulia kutoka chuma cha springi ya gari. Chimba ukianzia ukingoni kushuka kuelekea katikati, usitoke katikati kwenda ukingoni. Sababu yake ni nyuzi za mbao. Ukishuka, kila uzi unaegemea ule wa chini yake. Ukipanda, nyuzi za ukingoni hazina wa kuziegemea, zinainuka na kubanduka, na ukuta wenye sentimita moja hauna nafasi ya kubanduka.

Kina kiwe sentimita 3, kwa hiyo chini utabakiwa na moja na nusu, ambayo inatosha. Ili mashimo yalingane, kata kadibodi kwa umbo la shimo unalolitaka, uwe unaizamisha katika kila moja na kuzungusha. Mahali inapogongana na mbao ndipo pa kupunguza. Sakafu ya shimo iwe mviringo kama bakuli, kete zikidondoka zikusanyike katikati zenyewe. Kwa nyumba tumia patasi ya kawaida kusimamisha kuta, lakini sakafu yake ifanye bonde, ili vidole vizoe bila kukwama pembeni.

Shimo moja linaweza kuchukua dakika arobaini au zaidi. Mimi nilikwenda kwa mashimo mawili kila jioni nikitoka kazini, jioni kumi na sita. Usijaribu kumaliza Jumamosi moja. Mkono uliochoka hauongozi patasi, na mbao haina samahani. Funga kitambaa puani, maana vumbi la mninga huwasha, na banda lako likiwa finyu toa kazi nje.

Tano, kwa ajili ya mjomba niliongeza jambo ambalo kwa mchezaji mwenye macho mazima si la lazima. Juu ya ule mstari wa katikati nilipitisha mfereji mwembamba wa milimita 3 kutoka ncha hadi ncha. Vidole vikiuvuka vinajua vimeingia kwa mwenzake. Nikaviringisha kingo zote za juu ili ukuta wa kati ya shimo na shimo usikike kama mgongo. Chini ya ubao nikagandisha vipande vinne vya mpira wa tairi chakavu, ubao usiteleze mtu anapoupapasa. Unene na ukubwa wake vinaufanya uwe mzito, nao hukaa pale ulipowekwa.

Sita ni msasa. Watu wa pwani wanaujua mti wenyewe uitwao msasa, ambao majani yake ya kukwaruza yalitumika kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani. Anza na msasa mkali, namba 80, halafu 120, umalizie na 240. Kwa ndani ya mashimo zungushia karatasi hiyo kwenye mpira mdogo wa watoto, utaenea vizuri bakulini. Ukidhani umemaliza, funga macho upitishe vidole katika mashimo yote 32. Vidole vitakuambia yale ambayo macho yamekuficha.

Saba ni mafuta. Usipake vanishi inayong'aa. Kete huteleza juu yake, na mng'ao wa jua barazani humsumbua mwenye macho dhaifu. Paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo kidogo, futa yanayobaki juu, acha siku moja, rudia mara tatu. Angalizo kubwa: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku. Kitandaze juani kwenye sakafu tupu, au kizamishe majini kabla ya kukitupa.

Zimebaki kete. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka cha miiba kinachotambaa karibu na fukwe. Ganda lake lina miiba pia, na ndani mna mbegu chache za rangi ya kijivu, ngumu kama jiwe, laini kama yai. Huelea, na bahari huzibeba mbali. Ukiokota mwenyewe vaa viatu na uwe mwangalifu na mikono. Chagua zenye ukubwa mmoja, kwa sababu mchezaji mzuri husikia wingi wa kete kwa kiganja kabla ya kuhesabu. Tafuta 70, ili sita ziwe za akiba watoto watakapozipoteza. Komwe ya kijivu juu ya mninga wa kahawia huonekana vizuri hata kwa jicho lililochoka.

Mtu mmoja niliyemweleza haya aliniuliza kama fedha na muda huo wote havingetosha kununua zawadi tatu dukani. Huenda vingetosha. Lakini hakuna duka lililopima mkono wa mjomba wangu. Nilipompelekea hilo bao hakusema mengi. Alilipapasa kutoka ncha hadi ncha, akaikuta nyumba yake bila kuhesabu, akauliza kete zimewekwa wapi. Tulicheza mara mbili, akanifunga mara mbili. Juma lililofuata alikuwa barazani, na vijana walewale waliomhurumia wakaanza tena kumlalamikia kwamba hampi mtu nafasi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukikata shauri la kuchonga, mambo mawili usiyasahau. La kwanza, jifunze mchezo kabla ya kushika msumeno, hata kama ni ule wa kujifunzia, wa kuweka kete mbili mbili katika kila shimo. Mbili mara 32 ni 64, ubao mzima umejaa, na mtoto wa shule anaweza kuanza nao jioni hiyo hiyo. La pili, siku ya kutoa zawadi usiiache mlangoni ukaondoka. Vua viatu, kaa mkekani, mpangie mzee kete zake sita nyumbani, mbili na mbili kulia kwake, umwachie aanze.